Nilipokabidhiwa Ufunguo wa Simu

Kama hukunisoma wiki jana sikulaumu. Gazeti hili likifika Ekerenyo huwa limeshafungia watu nyama.

Kwa ufupi ni hivi. Mimi ni Nyasani, tarishi wa kiwanda cha majani chai huku Nyamira. Jina la kiwanda nimekatazwa kuliandika. Shule niliachia darasa la tatu. Mwaka wa tisini na tatu mke wangu Bonareri alilazwa hospitali huko Kisii mjini, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Daktari alitaka mume atie sahihi ndipo ampasue. Sista akapiga simu kiwandani. Karani aliyeishika akamwambia hii simu ni ya kazi, mambo ya nyumbani hayapiti hapa, akaikata.

Mimi nilifika jioni na ndizi zangu za kuiva, nikakuta kitanda kimetandikwa.

Karani huyo anaitwa Jethro. Wiki jana niliwaacha kaburini, meneja wetu Bwana Anyona akiwatangazia waombolezaji kwamba kiwanda ni familia moja.

Mhariri ameniambia nipunguze hasira. Nimepunguza. Hii ndiyo iliyobaki.

Basi nilidhani baada ya mazishi ile amri ya meneja ya kukata simu za nyumbani itaondolewa. Mtu akifa kwa sababu ya amri, si amri nayo izikwe? Bwana Anyona alirudi ofisini akaandika waraka wa pili.

Ulibandikwa ukutani chini ya saa. Mimi husoma polepole, kwa hivyo nilisomewa, na aliyenisomea ni Jethro huyo huyo, kwa sababu ndiye alikuwa karani. Ulisema imeonekana kwamba simu za nyumbani zinaleta majonzi na kurudisha kazi nyuma. Kuanzia siku hiyo simu ya ofisi itatiwa kufuli. Redio nazo ni marufuku kila mahali, kuanzia kwenye mizani mpaka chumba cha boila.

Redio yenyewe ilikuwa moja, ya watu wa chumba cha kunyausha majani, wameificha ndani ya kasha la mbao. Hawakuwa wanacheza dansi. Walikuwa wakingoja matangazo ya vifo kwa Kigusii, wajue nani amekufa wapi na anazikwa lini. Huku kwetu mtu asiyefika matangani huulizwa mpaka yeye mwenyewe azikwe.

Baada ya waraka, watu wa kiwanda walianza kufiwa bila habari. Nehemiah wa boila alijua ya kwamba mjomba wake wa Birongo amekufa siku ambayo wenzake walikuwa wakigawana makoti ya marehemu.

Redio ya meneja haikuguswa. Hiyo haikuwa redio, ilikuwa kifaa cha ofisi. Siku ya mpira kifaa hicho kilisikika mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata Bwana Anyona akaniita. Nilidhani nafutwa. Alikuwa ameshika kijifunguo kidogo kama cha sanduku la mtoto wa shule.

"Nyasani, wewe huna mke," akasema.

Nikamwambia ndiyo, bwana meneja, na nafikiri unakumbuka.

"Ndiyo maana nimekuchagua. Mtu asiye na mke hana wa kumpigia simu. Hawa wengine wote wana wake, wana mashemeji, wana mambo. Kuanzia leo wewe ndiye mlinzi wa simu."

Nilitoka pale na ufunguo, kiti na meza. Maisha yangu yote sijawahi kupewa kiti kazini. Bonareri angekuwa hai ningebaki na fagio.

Jethro naye alihamishiwa stoo, na nyongeza juu. Wakubwa wana hesabu zao.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Simu ikilia nashika, nauliza ni ya nini. Ikiwa ya kazi namwita mwenyewe. Ikiwa ya nyumbani nakata. Mkubwa akitaka kupiga, nafungua kile kikufuli kilichotiwa kwenye tundu la sahani ya namba, nampigia, halafu nafunga.

Meneja alikuwa akipiga namba moja kila siku, saa nne kabla ya chai. Ananiambia, "Niunganishe na Mombasa, kule mnadani." Sasa mimi sikusoma, lakini najua simu ya Mombasa haiwezi kuwa na tarakimu tano tu kama za Kisii. Mombasa hiyo ilikuwa saluni karibu na Daraja Mbili, na mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Nyamoita. Wakati mwingine majani chai yaliuzwa mnadani saa nzima, na kicheko juu.

Nilipewa kiti, sikupewa mdomo.

Lakini hapa nataka nikiri, maana ndiyo sababu ninaandika. Msidhani nilikuwa mtu mwema aliyekaa kwenye kiti kibaya. Kiti kilinikaa vizuri.

Watu ambao hawakuwa wakinisalimia walianza kunisalimia. Mmoja ananiletea ndizi, mwingine chapati ya jana. Mama wa jikoni akanililia niruhusu apige simu moja tu kwa dada yake, nikamwonyesha ukuta, chini ya saa. Wakanipa jina la Postamasta. Nilijifanya nimekasirika.

Hata siku moja nikakuta wamegundua ujanja. Nehemiah ndiye aliwafundisha. Simu ikiwa na kufuli, sahani haizunguki, lakini unaweza kuinua mkonga halafu ukagonga kwa kidole pale mkonga unapokaa. Namba tatu unagonga mara tatu. Saba, mara saba. Sufuri, mara kumi. Ukigonga haraka na bila kukosea, inaita kama kawaida. Nilikuwa nikienda msalani nasikia nyuma yangu tak tak tak kama mtu anayetengeneza viatu.

Meneja alikuwa na kufuli, hakuwa na dawa ya kugonga. Mimi nilikuwa nayo. Niliacha kunywa maji asubuhi. Sikuondoka kwenye kiti mpaka saa saba.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa nane, mwaka wa tisini na tano. Meneja aliondoka mapema na Landrova, akasema ana mkutano mjini. Siku hizo alikuwa ameanza kunishuku hata mimi, akisafiri anabeba ufunguo mfukoni. Nikabaki na kiti na simu iliyofungwa.

Saa tatu na nusu ikalia.

"Hapa ni hospitali, Kisii," sauti ya mwanamke ikasema. "Kuna mtu wenu wa stoo anaitwa Jethro? Mke wake Esnah yuko hapa tangu jana, mtoto amekataa kushuka. Daktari anataka kumpasua na lazima mume atie sahihi. Mwambie aje haraka, daktari anaondoka saa saba."

Niliutoa mkonga sikioni nikauangalia. Nilidhani ni maruhani wananichezea. Maneno yalikuwa yale yale. Hospitali ile ile. Pengine hata sista ni yule yule, ingawa huyu alionekana mwenye sauti changa.

"Haloo? Unanisikia, mzee?"

Nikamwambia, "Sista, hii simu ni ya kazi. Mambo ya nyumbani hayapiti hapa."

Nikaikata.

Mhariri akipenda aikate sehemu hii, lakini nitaiandika. Nilisikia utamu. Nilisikia utamu kama mtu aliyebeba gunia la majani kutoka mtoni mpaka kwenye mizani, mwishowe analitua. Miaka miwili nilikuwa nimekaa nikingoja simu hiyo bila kujua kwamba nangoja. Nikajiambia sijavunja sheria yoyote. Imeandikwa pale. Imetiwa sahihi. Mwenye makosa ni aliyeandika.

Ndivyo Jethro alivyoniambia matangani. Neno kwa neno.

Saa nne, wakati wa chai, mlango ukafunguliwa, na nani anaingia? Jethro, na kikombe mkononi. Jethro ni Msabato wa kweli kweli, majani chai hanywi, ingawa ndiyo yanamlisha. Kila mfanyakazi ana kikombe chake cha chai saa nne, na tangu Bonareri azikwe Jethro alikuwa akiniletea cha kwake. Anakiweka mezani, anaondoka. Mimi nakunywa. Sijawahi kumwambia asante.

Siku hiyo hakuondoka. Alisimama akishikilia kofia.

"Baba Mokeira," akaniita kwa jina la binti yangu, "hakuna simu imenitafuta?"

"Simu ya kazi au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani. Esnah alilala hospitali."

"Za nyumbani haziingii hapa. Unajua hivyo kuliko mimi."

Nilitaka akasirike. Kwa kweli nilikuwa nimejitayarisha, nina maneno ya miaka miwili yamepangwa. Yeye akaitikia kwa kichwa.

"Ni sawa. Amri ni amri," akasema. "Ila Esnah alisema nikikuona nikuombe umkumbuke kwa maombi. Anasema wewe unajua vile inakuwa."

Akatoka. Chai ikabaki inatoa mvuke.

Sasa huyu Esnah lazima niwaambie ni nani, maana wiki zote hizi nimekuwa nikimwandika Jethro kana kwamba aliota peke yake kama uyoga. Bonareri alipokufa aliniachia msichana mmoja, Mokeira, miaka kumi na moja. Ukoo wangu ulikuja, wakala, wakaenda. Aliyebaki ni Esnah. Alikuja kila jioni ya mwezi ule, akamsuka Mokeira, akamfundisha kusonga obokima, ugali wetu, usiwe na madonge. Na mwaka uliofuata mtoto alipoanza kuwa mwanamke, yale mambo ambayo baba hawezi kumwambia bintiye, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, Esnah akaingia ndani akamwambia. Aliyekata simu ni mumewe. Yeye hakukata kitu.

Nikatazama saa ukutani. Chini yake waraka.

Ningeenda stoo wakati huo huo, hadithi hii ingeishia hapa na mngeniona mtu wa maana. Stoo ni hatua sitini. Lakini nilijua Jethro ataniuliza simu ilipigwa lini, na yeye ametoka tu kuniuliza, nami nimemwambia za nyumbani haziingii.

Nikapata akili nyingine. Nitampigia yule sista, nimwombe apige tena. Simu italia upya. Nitaishika kwa adabu, nitakimbia stoo nikipiga kelele, na ile ya kwanza itakuwa haikuwepo. Mnaona? Bado nilikuwa natafuta njia ya kubaki safi.

Ufunguo ulikuwa Kisii katika mfuko wa meneja. Nikafunga mlango, nikafungua kitabu cha simu, nikatafuta ukurasa wa hospitali kwa kidole kama mtu anayetafuta chawa. Hiyo peke yake ilichukua nusu saa. Nikainua mkonga. Nikaanza kugonga, mimi Postamasta niliyeacha kunywa hata maji ili kuwazuia wengine kugonga huku.

Nikagonga ya kwanza, nikapotea. Nikaweka chini. Nikaanza tena, nikapotea kwenye ya tatu. Mara ya nne mkono ukakimbia wenyewe, bila kosa. Ikaita.

Ikashikwa. Nyuma kulikuwa na mashine inanguruma na wanawake wanacheka.

"Sista," nikasema, "ni mimi wa kiwandani, yule wa asubuhi. Nimekosa, nisamehe. Piga tena."

Halafu sauti ya mwanamume, chini chini.

"Nyasani?"

Ndugu msomaji, mkono wangu ulijua namba moja tu. Miaka miwili nilikuwa nikipiga namba hiyo kila siku saa nne. Nilikuwa nimempigia Bwana Anyona huko Mombasa.

"Umepigaje simu?" akauliza. "Ufunguo ninao mimi."

Angalieni wakubwa. Yuko saluni saa tano mchana, siku ya kazi, na kitu cha kwanza anachouliza ni kufuli.

Nikamwambia nimegonga. Akasema kesho nitaeleza huko kugonga mbele ya kamati nzima, na ni nani aliyenituma, ni mke wake? Nikamwambia hakuna aliyenituma. Nikamwambia Esnah wa Jethro yuko hospitali, anataka kupasuliwa, mume anahitajika kabla ya saa saba.

"Hayo ni mambo ya nyumbani," akasema.

"Ndiyo, bwana meneja. Na wewe uko nyumbani kwa nani?"

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mashine ya kukausha nywele ikazimwa. Nikasikia mama Nyamoita akiuliza ni nani huyo, na meneja akimjibu kwamba ni watu wa mnadani.

Aliporudi kwenye simu alikuwa mtu mwingine, mpole kama mgombea kiti. Akasema nimwambie Manasseh, dereva wa lori, ampeleke Jethro Kisii sasa hivi. Majani yaliyo juu ya lori yashushwe likirudi, yakioza yaoze. Na mimi na yeye tutaongea kama wanaume.

Nikampigia Manasseh kelele awashe lori, nikakimbia stoo. Zile hatua sitini. Jethro alikuwa akihesabu magunia.

"Hospitali wamepiga," nikamwambia. "Wanataka sahihi yako. Esnah anapasuliwa. Manasseh anakungoja, meneja amesema."

Kalamu ikamwanguka. Alikimbia vile alivyo, na koti la stoo. Manasseh alikuwa ameshawasha lori. Kutoka kwetu mpaka Kisii, barabara ile, ni saa moja na zaidi ukiomba Mungu. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Ilikuwa inawezekana.

Jethro alipanda akashika mlango, ndipo akageuka.

"Baba Mokeira, walipiga saa ngapi?"

Watu wa mizani walikuwa wamesimama wanatazama. Nehemiah alikuwa ametoka boila na masizi usoni. Nilikuwa na maneno mawili mdomoni, la kweli na la uongo, na la uongo lilikuwa jepesi.

"Sasa hivi," nikasema. "Wamekata tu, nikakimbia kwako."

Akanishika bega. Alinishika bega, na machozi yakamtoka. "Mungu akubariki, omogaka, mzee wangu," akaniambia. "Mimi sikukufanyia hivyo."

Niliwaambia sitaki kuonekana mwema. Lakini hapo nilitamani ardhi ya Nyamira yote inifunike na majani chai yake.

Manasseh akatia gia.

Na katika ofisi simu ikaanza kulia.

Saa nzima na zaidi nilikuwa nimeitafuta simu hiyo ilie. Nimeigonga, nimeiombea, imenipeleka mpaka saluni. Imekataa. Sasa sista wa watu, kwa huruma yake mwenyewe, alikuwa ameamua kujaribu tena.

"Niacheni nikashike," nikasema. "Nyinyi nendeni, mtachelewa."

"Ngoja," Jethro akamwambia Manasseh. "Pengine ni wao."

"Ni ya kazi hiyo," nikasema. "Ni mnada. Nendeni."

Alikuwa ameshashuka. Nilijaribu kumpita mlangoni, miguu ya miaka hamsini na miwili, yeye ana thelathini. Alifika kabla yangu. Ile meza ilikuwa yake zamani, hakuhitaji kuonyeshwa. Akainua mkonga.

"Ndiyo, sista. Ni mimi mwenyewe, mume wake."

Akasikiliza. Nje lori lilikuwa linanguruma, watu wamejaa mlangoni nyuma yangu. Nikaona mgongo wake ukinyooka polepole.

Halafu akageuka akaniangalia, mkonga ungali sikioni.

"Sista, samahani," akasema. "Umesema tena? Kwani hii ni mara ya ngapi mnapiga?"